Mashahidi wa Ng'ombe Mwekundu

Karani wa baraza letu alikuwa na baiskeli nzuri kuliko zote tulizopata kuziona kati ya Chimala na Rujewa. Ilikuwa nyeusi, ina taa mbele, na kengele yake ililia kama mtu anayecheka peke yake. Lakini ukikutana naye jioni, alikuwa anaisukuma. Asubuhi anaipanda, jioni anaisukuma. Wageni walidhani tairi imetoboka wakampa pole. Sisi wenyeji tulijua. Baiskeli ilikuwa mali ya baraza, baraza lilifungwa saa tisa, na mtu anayekwenda kwake kula ugali hayumo kazini.

"Si uipande tu, Bwana Karani, nani anakuona?" alimwuliza siku moja mama mmoja aliyekuwa anapalilia mpunga kando ya njia.

"Wewe si umeniona?" akajibu, akapita zake anasukuma.

Kazaliwa wapi na nani, sijui, wala sikuwahi kuuliza. Wengine walisema ametoka Rungwe, kwa sababu akifurahi alisema "ndaga" badala ya ahsante. Lakini hakufurahi kila mwezi, kwa hiyo ushahidi wenyewe ulikuwa mdogo. Alikuwa mrefu, kainama kidogo mabegani, na kaptula yake ya kaki ilikuwa imepigwa pasi mpaka ungeweza kukatia mkate. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne tu, lakini barua yoyote aliyoiandika yeye niliisoma bila kusita, maana kila herufi ilisimama peke yake kama mtu aliyenawa uso.

Kichwani mwake kila jambo la dunia lilikuwa na baraza lake. Jino likiuma, zahanati. Mvua isiponyesha, kwa Mungu. Mbuzi akiingia shambani, hapa, lete mashahidi wawili. Mtu akija na shauri lisilo la hapo, alikuwa na maneno yake ambayo kijiji kizima tuliyajua: "Sikatai kwamba una haki. Nasema haidaiwi hapa." Tuliyafanya mchezo. Mtoto akililia kiazi cha pili, mama yake anamwambia, "Sikatai kwamba una njaa, nasema haidaiwi hapa," na jiko zima linacheka.

Kuhukumu alihukumu jumbe, karani aliandika tu. Lakini jumbe kabla ya kusema neno zito alimtazama kwanza, kama mtu anayetazama mawingu kabla ya kuanika mpunga.

Rushwa hakula. Bwana mmoja wa Rujewa alimfungia kuku kwenye mguu wa benchi lake, akaondoka bila kusema kitu, akijua ataeleweka. Karani alifungua daftari la vitu vilivyopotea akaandika: kuku mmoja, tembe, mwenye madoa. Kisha akamtuma tarishi apige mbiu wiki mbili, kuku ni wa nani? Bwana yule hakuthubutu kujitokeza. Kuku akataga mayai sita ndani ya baraza, na mayai nayo yakaandikwa.

Nasimulia haya ili muelewe mtu huyu alikuwaje, kabla sijafika kwa shangazi yangu.

Shangazi ndiye aliyenilea. Alikuwa mjane, na nyonga yake ya kushoto iliharibika alipoanguka na mzigo wa kuni, kwa hiyo kutembea alitembea, ila si mbali. Mwanawe wa pekee, ambaye mimi namwita dada, aliolewa Iringa. Dada akajifungua mtoto wa kwanza. Kwetu, mtoto wa kwanza wa binti yako humpokei kwa salamu. Unakwenda mwenyewe, unamwogesha, unakaa nao mpaka mama mtu apate nguvu. Shangazi alishasuka kikapu, alishatwanga unga wa uwele wa uji wa mzazi. Kilichobaki ilikuwa kupanda lori.

Na hapo ndipo penyewe. Siku zile kwetu kulikuwa na amri: mwanamke asipande lori bila cheti cha jumbe. Eti wanawake wanakimbia waume zao, wanakwenda kuharibika mijini. Penye kituo cha malori alisimama tarishi na tarabushi yake nyekundu. Hakujua kusoma, ila mhuri wa baraza aliujua kama anavyoujua uso wa mkewe. Huna mhuri, shuka. Shangazi alipokwenda kuomba cheti, jumbe akamnyima, kwa sababu shemeji yake, mdogo wa marehemu, alishatangulia kusema kwamba mjane haendi popote mpaka akubali kuhamia kwake. Shangazi hakutaka kuhamia kwake. Kwa hiyo akaenda barazani kushtaki.

Nilikuwepo siku hiyo, nimeketi benchi la nyuma.

"Namshtaki jumbe," shangazi alisema, na watu wakaguna, maana jumbe mwenyewe alikuwa kakaa pale kwenye kiti chake. "Ananizuia kwenda kwa mwanangu. Mimi si mwizi, sidaiwi, sina mume. Nataka njia."

Jumbe akamtazama karani. Karani akaweka kalamu chini.

"Mama," alisema, "sikatai kwamba una haki."

Watu wakaanza kucheka kabla hajamaliza.

"Amri ya vyeti haikutoka kwa mtu. Imetoka kwa wakubwa wa baraza hili. Baraza haliwezi kuihukumu amri ya waliolikalisha. Shauri lako ni la Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, Mbeya."

"Nitafikaje Mbeya?"

"Kwa lori."

"Lori nitalipandaje?"

"Kwa cheti," akasema.

"Na cheti anatoa nani, baba?"

Vicheko vilijaa mle ndani mpaka tarishi akagonga fimbo chini. Hata mimi, Mungu anisamehe, nilicheka, kwa sababu lilichekesha. Wawili tu hawakucheka. Shangazi alikuwa anangoja jibu. Karani alichukua kitambaa akaanza kuifuta kalamu yake ambayo haikuwa na wino wowote wa kufutwa.

Jioni ile, saa za baraza zilipokwisha, alikuja kwetu. Kaja na baiskeli anaisukuma. Alimwandikia shangazi barua ya kwenda kwa Bwana Shauri, kwa karatasi yake mwenyewe, akaituma kwa dereva wa lori. Jibu lilichukua majuma mengi. Lilipofika alituletea, akasimama mlangoni akalisoma kwa sauti ile ile aliyosomea hukumu: shauri lianze kusikilizwa kwanza katika baraza la mahali, kisha mdai asiporidhika ndipo akate rufaa Mbeya.

"Maana yake nini?" shangazi aliuliza.

"Maana yake wanasema lianze kwangu."

"Na wewe unasema?"

"Nasema si langu."

"Basi ni la nani?"

Karani aliikunja ile barua mara mbili, mara nne, ikawa ndogo kama kipande cha sabuni. Aliondoka, na nilimwona akiwa kafika mbali kabla ya kukumbuka kwamba ameiacha baiskeli ukutani kwetu. Alirudi kuichukua bila kututazama. Ule unga wa uwele tuliupika wenyewe, kidogo kidogo, mpaka ukaisha.

Sasa niseme la ng'ombe.

Palikuwa na shauri la zamani, ambalo watu walikuwa wameshalisahau, la bwana mmoja aliyedai kwamba ng'ombe wake mwekundu, pembe moja imeinama, amechanganywa na kundi la mtu aliyehamia upande wa Iringa. Mdai alikuwa ameshafariki. Mdaiwa hakuna aliyejua yuko wapi. Lakini hapakuwa na aliyelifuta, na kwa karani, shauri ambalo halijafutwa linaishi. Basi mwaka uliofuata, ghafla, shauri likaamka. Mashahidi wakaanza kuitwa. Na huyo ng'ombe alitakiwa atambuliwe huko aliko, kwa hiyo shahidi akipata samansi, ile karatasi ya wito yenye mhuri mkubwa wa duara, alipaswa kwenda Iringa. Mtu mwenye samansi hazuiwi na tarishi. Atazuiwa vipi, na ni baraza lenyewe lililomwita?

Ilikuwa ajabu kidogo kwamba mashahidi wote walikuwa wanawake. Wa kwanza alikuwa mama ambaye mumewe alilazwa Iringa. Wa pili mwalimu wa watoto wa kanisani. Sisi vijana tulicheka tu: ng'ombe huyu lazima ni mzuri sana, kila mtu anakwenda kumtazama. Jumbe naye hakushtuka. Alipenda kusikia kwamba baraza lake linafanya kazi mpaka Iringa.

Mimi wakati huo ndoto yangu ilikuwa moja, cherehani. Nilikuwa nashona kwa mkono, na usingizini naona nakanyaga pedali, nguo zinatoka zenyewe, magauni ya rangi, natembea nazo mjini watu wananiuliza nani fundi. Nilisikia kwamba Iringa kwa masista wanafundisha wasichana. Niliyasema haya kwa kila mtu, kisimani, kanisani, penye mashine ya mpunga. Sikuwa na kizuizi mdomoni, tangu utoto.

Siku moja karani alinisimamisha njiani, asubuhi, yuko juu ya baiskeli, mguu mmoja chini.

"Kamwene, binti."

"Kamwene, baba."

"Umeitwa shahidi."

"Mimi? Huyo ng'ombe mimi simjui, baba. Alipotea sijazaliwa!"

"Ndiyo maana utakwenda kumtazama." Akanipa karatasi. "Ukifika, tazama ng'ombe. Mwekundu, pembe moja imeinama. Usipomtambua, rudi useme hujamtambua. Usiseme la uongo."

"Na siku nyingine za huko nifanye nini?"

Aliangalia mashamba. "Siku nyingine hazimo kwenye samansi," akasema. Kisha: "Mpitie dada yako. Mchukulie kikapu cha mama yake. Na ukirudi, niletee jibu. Usilete kitu kingine."

Nilikaa Iringa karibu miezi miwili. Nilimbeba mtoto wa dada, ambaye alikuwa anatembea sasa na kusema neno moja tu, "hapana". Nilijifunza pedali. Na kwa kuwa niliagizwa, nilimtazama ng'ombe. Walikuwapo wawili wekundu penye shamba la misheni, nikawazunguka wote, pembe zao zote zilikuwa sawasawa, mchungaji akaniuliza kama nataka kununua.

Niliporudi nilikuwa na furaha isiyo na pa kukaa. Na hapa, ninyi msomao mkiwa watu wa kwetu, mtajua kosa langu kabla sijalisema. Kwetu mtu akikutendea jema huendi kumshukuru pembeni kwa kunong'ona. Unapiga magoti mbele ya watu, unapiga makofi mawili mawili, unasema alichokutendea, wote wasikie wamheshimu. Kumshukuru mtu kwa siri ni kama kumwonea haya. Nilimshonea karani shati, shati langu la kwanza la mashine, kola imepinda kidogo. Nikangoja siku ya baraza, watu wamejaa, jumbe yupo kitini. Nikaingia, nikapiga magoti, nikapiga makofi.

"Baba Karani, ahsante," nilisema kwa sauti kubwa. "Umenipa njia mimi yatima. Sasa najua cherehani. Na wenzangu wote uliowapa njia tunakushukuru."

Karani hakuinua kichwa. Kalamu yake ilisimama katikati ya neno.

Jumbe ndiye aliyeuliza, polepole. "Njia ipi, binti? Si ulikwenda kumtambua ng'ombe?"

"Nilimtazama, baba!" nikasema. "Sikumtambua."

Mtu mmoja alicheka. Kisha hakuna aliyecheka. Jumbe akaomba daftari. Yeye mwenyewe alikuwa anasoma kwa shida, akamwita mwalimu wa shule amsomee, na mwalimu akasoma jina moja moja: mwanamke, mwanamke, mwanamke, kutambua ng'ombe, kutambua ng'ombe. Bado nilikuwa nimepiga magoti. Hakuna aliyeniambia niinuke.

Jumbe akamgeukia karani. "Ulikuwa unanidanganya mimi?"

"Hapana," karani alisema. "Shauri ni la kweli. Ng'ombe alipotea kweli. Kila aliyekwenda alitazama." Kisha akasema jambo ambalo nadhani lilimwuma kuliko yote: "Lakini wito wa shahidi ni wa kutafuta ushahidi. Mimi niliutumia kwa jambo lisilokuwa la baraza hili. Hapo nimekosa."

Angeweza kubisha. Alijua maneno yote ya kubishia. Alifunga daftari, akaweka kalamu juu yake, akaweka na funguo. Shati langu alilichukua kwa mikono miwili, akasema "ndaga", akatoka. Baiskeli aliiacha imesimama ukutani. Shauri la ng'ombe mwekundu likafutwa siku hiyo hiyo.

Hakuna aliyenigombeza, na hilo ndilo lililonichoma. Shangazi alisema tu, "Mwanangu, mdomo wako," akaendelea kuchambua mchele. Dada na mumewe waliondoka Iringa mwaka huo huo. Mume aliandikishwa kazi ya mkonge Tanga, wakaenda wote na mtoto. Barua ilikuja moja. Tanga ni mbali, hata kwa mtu mwenye nyonga nzima.

Miaka ikapita, si mingi. Mambo ya vyeti yakalegea. Tarishi alianza kusinzia kituoni, kisha siku moja hakuwepo, na hakuna aliyetangaza kwamba amri imekwisha. Mimi nikahamia Mbeya, nikapata kibaraza cha kushonea karibu na sokoni, kwa cherehani ya kukodi. Ndoto yangu imetimia nusu, na nusu si haba. Lakini kila nikikunja kola nilimkumbuka, na nilikuwa nauliza wateja.

Mteja mmoja ndiye aliyeniambia: yuko Ilomba, analima mahindi na maharage. Nikaenda Jumapili baada ya ibada.

Nilimtambua kwa mbali, na nitawaambia kwa nini. Alikuwa anatembea kwenye njia ya shamba, mkono wa kulia kautenga kidogo na mwili, umekunjwa kiwiko, kana kwamba anashika usukani. Hakuna baiskeli. Mkono ndio ulikuwa bado haujajua.

Nilipiga magoti, safari hii hapakuwa na mtu wa kutuona.

"Inuka, udongo una maji," alisema. Alikuwa amevaa shati langu. Kola imetoboka, ila imepigwa pasi.

Aliniketisha kwenye gogo, mkewe akatuletea viazi na chai. Nilijaribu kuchekesha, nikamwambia kwamba bado natazama ng'ombe wekundu kila niendako, huenda siku moja nikamwona. Alitabasamu kwa upande mmoja. Ndipo nikalia, nikasema yote: kwamba nilikuwa mpumbavu, kwamba alinionya nisilete kitu, kwamba nilimnyang'anya kazi, na nimekuja kuomba msamaha.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyowasikiliza wote pale barazani, macho chini.

"Sikatai kwamba umekosa," alisema.

Nilijua linalofuata.

"Nasema shauri hilo silo langu. Mimi nilivunja kazi yangu mwenyewe, nikaiacha mwenyewe. Hapa hakuna mdai."

"Basi mdai ni nani, baba?"

Aliingia ndani akakaa kitambo. Alitoka na Biblia, na katikati yake palikuwa na karatasi iliyokunjwa. Niliujua mhuri kabla haijafunguliwa. Ilikuwa samansi, herufi zake zimesimama kila moja peke yake, na jina lililoandikwa lilikuwa la shangazi.

"Alikuwa wa kwanza kudai," karani alisema. "Nilimweka mwisho. Jumbe alikuwa anamwangalia yeye kuliko wote, nikasema acha asahau kwanza. Waende wengine, njia izoeleke. Wewe ulikuwa wa kuizoesha. Yeye alikuwa baada yako."

Mkewe aliacha kumimina chai.

"Nilingoja mno," alisema. "Hilo langu, na wa kulihukumu namjua ni nani. La kwako mpelekee yeye."

Hakunisindikiza mbali. Alifika mwisho wa shamba lake akasimama hapo hapo, mkono wa kulia umekunjwa, na nilipogeuka alikuwa bado kasimama.

Lori la kwenda Chimala nililipanda Jumatatu. Utingo alinivuta mkono, akanitania kwamba mafundi wa kushona ni wazito, tukaondoka. Hakuna aliyeniuliza karatasi, nami nilikuwa nayo kifuani.

Shangazi alikuwa nje, kaegemea upande wa nyonga nzima, anapepeta mchele. Nilimwambia nilikotoka. Nikamwambia yote, hata lile la kwamba angekuwa baada yangu. Aliweka ungo chini.

"Soma," akasema.

Nikasoma. Jina lake, jina la kijiji, unaitwa na baraza ufike Iringa kumtambua ng'ombe mwekundu, pembe moja imeinama, tarehe. Nikaishia hapo.

Shangazi alifuta pumba mikononi, polepole, vidole vyote, kama mtu anayejiandaa kusafiri.

"Tarehe ngapi?" aliuliza.

Karani alikuwa hajaijaza.